Ahadi iliyokutana na sheria: uchambuzi wa kisa cha TraceTogether, Singapore, 2020–2023

Kisa hiki kinahusu programu ya simu ya kufuatilia maambukizi ya korona, iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, ikakubaliwa na watu wengi, kisha ikapoteza imani yao kwa siku moja bila hata mstari mmoja wa msimbo wake kuharibika. Majina ya watu yameondolewa. Kila mhusika anatajwa kwa kazi aliyokuwa nayo, na mshtakiwa wa kesi inayoguswa humu hatambulishwi. Jina la nchi na la programu yameachwa, kwa sababu tarehe peke yake zingeyafichua.

Usuli

Machi 20, 2020, Singapore ilitoa TraceTogether, kazi ya GovTech, ambayo ni wakala wa teknolojia wa serikali, pamoja na Wizara ya Afya. Shida iliyokusudiwa ilikuwa ya kila siku kwa wafuatiliaji wa wizara. Mgonjwa wa korona anaulizwa alikaa karibu na nani wiki mbili zilizopita. Anawakumbuka wa nyumbani kwake, wenzake kazini na rafiki aliyekula naye. Aliyesimama nyuma yake kwenye foleni hamkumbuki, na hata akimkumbuka hamjui jina.

Jibu lilikuwa Bluetooth. Mtu akijisajili kwa namba yake ya simu, seva ya serikali humpa utambulisho wa nasibu. Kutokana na utambulisho huo hutengenezwa majina ya muda, kila moja likidumu dakika 15, yakiwa yamesimbwa, yaani yamefichwa kwa hesabu, kwa ufunguo ulio mikononi mwa Wizara ya Afya peke yake. Simu mbili zikikaribiana hubadilishana majina hayo, na kila moja huandika jina ililopokea, saa, aina ya simu na nguvu ya mawimbi, ambayo hutumika kukadiria umbali. Mahali hapaandikwi. Kumbukumbu hukaa ndani ya simu ya mwenyewe na hujifuta baada ya siku 25. Ukipimwa na kukutwa na virusi, ofisa wa wizara anakupa namba ya siri, unapakia kumbukumbu zako kwenye seva, ufunguo unafungua majina, na wizara inapata namba za simu za watu wa kupigiwa.

Mtu mwingine akiyanasa mawimbi hayo hewani haambulii kitu: anaona mfuatano wa herufi usio na maana, unaobadilika kila robo saa. Kinga dhidi ya jirani, mdukuzi na mfanyabiashara ilikuwa imara. Kinga dhidi ya mwenye ufunguo haikuwamo kwenye hesabu hata kidogo. Ilikuwa kwenye maneno, na maneno yalikuwa haya: data itatumika kufuatilia maambukizi tu.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzo ulikuwa mgumu kwa sababu ya iPhone. Mfumo wa Apple huizuia programu kuendelea kutumia Bluetooth ipasavyo ikiwa imefichwa nyuma ya programu nyingine, kwa hiyo TraceTogether ilifanya kazi vizuri pale tu ilipokuwa wazi kwenye kioo. Watengenezaji walibuni hali ya kubana chaji: unaifungua programu, unaigeuza simu kichwa chini, kioo kinafifia. Mwenye simu anatembea hivyo siku nzima, na ujumbe ukiingia anaufungua, anasahau kurudi, na kuanzia hapo hakuna kinachoandikwa. Hili lilichosha watu kuliko hoja yoyote ya faragha.

Aprili 10, Apple na Google zilitangaza mfumo wao wa pamoja, ulioondoa kizuizi hicho kwa masharti: orodha ya waliokaribiana isikusanywe kwenye seva, ulinganishaji ufanyike ndani ya kila simu, na programu isichukue mahali. Ulitolewa Mei 20. Ujerumani ilikuwa imekwisha kugeukia njia hiyo mwishoni mwa Aprili. Uingereza ilijaribu programu yake ya seva kuu, yaani inayokusanya data mahali pamoja, katika kisiwa cha Wight na kuiacha Juni 18. Singapore iliukataa mfumo huo.

Badala yake, Juni 5, serikali ilitangaza tokeni: kifaa kidogo cha kuvaa au kutia mfukoni, kinachofanya kazi ileile bila simu. Hapo ndipo hofu ilipotoka hadharani. Ombi la kupinga lililowekwa mtandaoni lilipata saini zaidi ya 50,000, idadi kubwa kwa nchi ile. Juni 8, waziri aliyesimamia mpango wa taifa wa kidijitali alijibu kwamba kifaa hakina GPS wala intaneti, si alama ya kumfuatilia mtu, na kwamba data ni ya kufuatilia maambukizi tu. Siku chache baadaye wataalamu wa nje wa vifaa vya kielektroniki walialikwa kukikagua. Walikifungua ganda, wakatazama bodi, na hawakukuta kipokezi cha GPS wala kipande cha mtandao wa simu. Ili kutoa kumbukumbu zake, kifaa kililazimika kukabidhiwa mkononi kwa wizara. Wazee walianza kukipata mwishoni mwa Juni, watu wote kuanzia Septemba.

Oktoba 20 serikali ilisema mambo mawili kwa pamoja: nchi haitaingia hatua iliyofuata ya kulegeza masharti mpaka matumizi yafike karibu asilimia 70, na kuingia sehemu nyingi za watu kutahitaji programu au tokeni. Mwishoni mwa mwezi huohuo mwananchi mmoja alimuuliza waziri huyo wa mpango wa kidijitali kama Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haiigusi data hii. Waziri aliuliza ndani ya serikali, akaambiwa inaigusa. Mazungumzo yakaendelea ndani kwa ndani. Desemba asilimia 70 ilivukwa.

Januari 4, 2021, mbunge aliuliza swali bungeni: je, polisi wanaweza kutumia data ya TraceTogether katika upelelezi? Waziri wa Nchi wa Mambo ya Ndani akajibu kwamba ndiyo, sheria inawaruhusu polisi kupata data yoyote, hii ikiwamo. Siku hiyohiyo maelezo ya faragha kwenye tovuti ya programu yalibadilishwa yakubaliane na jibu hilo. Matumizi yalikuwa yamefika asilimia 78 ya wakazi.

Siku iliyofuata waziri wa mpango wa kidijitali alisimama kueleza kwamba alipotoa ahadi ile Juni hakuwa ameifikiria sheria ya jinai, na kwamba kwa anavyojua data ilikuwa imeombwa mara moja, katika upelelezi wa mauaji. Januari 8 serikali iliahidi sheria mpya. Februari 2 Bunge liliipitisha, na siku hiyo waziri alikiri kosa kuwa ni lake na kueleza hilo la mwananchi wa Oktoba.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuweka ufunguo serikalini haukufanywa kwa tamaa ya upelelezi, na si haki kuusoma hivyo. Bluetooth haijui ukuta. Watu wawili waliolala vyumba viwili vilivyopakana wanaonekana kwenye simu kama walikaa usiku kucha pamoja. Wabunifu walitaka binadamu mwenye ujuzi aitazame orodha, ampigie mtu, aulize mlikuwa wapi na dirisha lilikuwa wazi au la, ndipo aamue nani abaki karantini. Katika mfumo wa Apple na Google mfuatiliaji haoni orodha yoyote. Anayepata onyo analipata peke yake, na akilipuuza hakuna anayejua. Kwa nchi iliyotegemea wafuatiliaji wake, hiyo ilikuwa gharama ya kweli.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyosemwa kwa sauti kubwa lakini yenye uzito: kampuni mbili zilikuwa zinaziambia serikali zilizochaguliwa ni chombo cha afya cha namna gani zinaruhusiwa kuwa nacho. Aliyeiogopa serikali alilindwa na masharti yale. Aliyeziogopa kampuni hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko, maana hakuna mbunge wa Apple. Tokeni ilikuwa njia ya serikali kutoka chini ya mkono huo, na kwa jicho la ufundi ilifaulu.

Uamuzi wa kulazimisha ulitokana na hesabu. Mkutano wa watu wawili huandikwa iwapo wote wawili wana kifaa kinachofanya kazi. Matumizi yakiwa asilimia 20, mikutano inayonaswa ni 0.2 mara 0.2, yaani asilimia 4. Yakiwa 78, ni karibu asilimia 61. Hakuna tangazo la redio linaloweza kuziba pengo hilo kwa hiari ndani ya miezi michache, na serikali ililijua hilo.

Kilichokosekana ni uamuzi kuhusu sheria. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu polisi kutoa amri ya maandishi ya kuletewa hati au kitu chochote cha lazima au chenye kufaa kwa upelelezi. Kifungu hicho kilikuwapo kabla ya programu, wala hakikuhitaji kuitaja. Programu ilipozaliwa Machi 2020, ilizaliwa ndani ya kifungu hicho.

Matokeo

Sheria ya Februari 2021 iliruhusu data ya ufuatiliaji itumike katika upelelezi wa aina saba tu za makosa makubwa: matumizi ya silaha hatari, ugaidi, mauaji na kumdhuru mtu kiasi cha kuhatarisha maisha yake, biashara ya dawa za kulevya yenye adhabu ya kifo, kutoroka kizuizini kunakohatarisha watu, utekaji, na makosa mazito ya kingono. Anayeitumia nje ya hapo anaweza kupigwa faini ya hadi dola 20,000 za Singapore, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Sheria iliweka pia wajibu wa kufuta data baada ya janga kwisha.

Ile kesi moja haikupata kitu cha kusaidia kutoka kwenye programu. Soma hilo mara mbili: imani ya mamilioni ilitikiswa kwa ushahidi ambao haukupatikana.

Idadi ya watumiaji haikuporomoka. Iliendelea kupanda, na kuanzia katikati ya 2021 milango mingi haikufunguka bila TraceTogether. Takwimu hiyo isichukuliwe kuwa ni kipimo cha imani. Anayeshurutishwa mlangoni anaonyesha programu, kisha hatua kumi mbele anazima Bluetooth, na kwenye jedwali la serikali bado anahesabiwa. Fanya hesabu ileile: kati ya asilimia 78, mmoja kwa kila kumi akizima, mikutano inayonaswa inashuka kutoka 61 hadi 49. Hasara ya namna hii haionekani popote mpaka siku mgonjwa anapopakia orodha yenye mapengo.

Mfumo ulifungwa Februari 2023. Serikali ilitangaza kufuta data yote isipokuwa ile ya kesi moja ya mauaji, na tokeni zikarudishwa kwa mwezi mmoja kuanzia Februari 13.

Uchambuzi

Uwazi wa kiufundi ulifanya kazi. Itifaki, yaani kanuni za jinsi simu zinavyobadilishana majina, ilichapishwa, msimbo wa kielelezo ukatolewa wazi Aprili 2020, na tokeni ikafunguliwa mbele ya watu wasiolipwa na mradi. Hofu ya kwamba kifaa kinajua ulipo ilijibiwa kwa bisibisi, na jibu hilo halijawahi kupingwa. Mradi wowote unaoogopwa ufanye hivi, tena mapema.

Lakini ukaguzi ulielekezwa kwenye kitu kilicho rahisi kukagua. Walioifungua tokeni waliulizwa inakusanya nini, wakajibu vizuri. Hakuna wakili wa kujitegemea aliyewekwa mezani siku hiyo na kuulizwa: kilichokusanywa kinaweza kudaiwa na nani? Swali la pili lingechukua mchana mmoja. Mtu mwenye sheria ya jinai mkononi angefika kifungu cha 20 kabla ya chai ya saa kumi.

Kosa la pili ni la lugha. "Itatumika kufuatilia maambukizi tu" ni sentensi ya mtu anayeeleza nia yake. Msikilizaji anaisikia kama mpaka: hakuna mwingine atakayeigusa. Wizara ya Afya inaweza kuahidi yake yenyewe. Haiwezi kuahidi kwa niaba ya polisi wala mahakama. Ahadi ya kweli Juni 2020 ingesomeka hivi: sisi tunakusudia kuitumia kwa maambukizi tu, ila sheria iliyopo inawaruhusu polisi kuidai, na mpaka Bunge libadilishe, hali ni hiyo. Sentensi hiyo ingewapunguza waliojisajili. Ingewapa pia wabunge miezi saba ya kuirekebisha sheria wakati watu bado wana hiari.

Je, sheria kutangulia ingetosha? Australia ilitumia itifaki ileile kwa programu yake ya COVIDSafe, na Mei 2020 ikatunga sheria iliyowafungia polisi mlango kwa adhabu ya hadi miaka mitano jela. Hapo palikuwa sahihi. Bado watu waliuliza kwa nini data iko kwenye seva za Amazon, kampuni iliyo chini ya sheria za Marekani. Na chombo chenyewe kilitoa matunda haba: watu 17 tu waliokaribiana na wagonjwa ambao wafuatiliaji hawakuwa wamewapata kwa njia ya kawaida. Kisha likatokea jambo la kufundisha zaidi. Jimbo la Australia Magharibi lilikuwa na programu yake ya kujiandikisha milangoni, SafeWA, ambayo sheria ile ya taifa haikuigusa. Polisi waliichukua data yake kwa upelelezi, na jimbo likalazimika kutunga sheria yake mwaka 2021. Sheria inayotaja chombo kimoja kwa jina hulinda chombo hicho na kuacha ndugu zake nje.

Na Ujerumani? Huko sheria ilikuwapo tayari, ikikataza data ya Luca, programu ya kujiandikisha migahawani na kwingineko, kutumika nje ya kudhibiti maambukizi. Polisi wa Mainz, wakichunguza kifo cha mtu aliyeanguka baada ya kutoka mgahawani, waliiomba ofisi ya afya nayo ikawapa, na mashahidi 21 wakapatikana kwa njia hiyo. Ilipofichuka Januari 2022, waendesha mashtaka waliomba radhi. Hakuna aliyevunja kufuli. Walipitia kwa mwenye ufunguo.

Ndiyo maana swali la nani anashika ufunguo linarudi kila mara. Katika mfumo wa Apple na Google, amri ya polisi kwa seva inapata orodha ya namba za nasibu za simu za wagonjwa, bila majina na bila waliokaribiana nao. Serikali isiyo na kitu haiwezi kulazimishwa kukitoa. Gharama yake kwa wafuatiliaji ilishaelezwa, na serikali inayoona gharama hiyo ni kubwa mno ina haki ya kuchagua seva kuu. Ila ikichagua hivyo inachukua mzigo ambao msimbo hauwezi kuubeba, na mzigo huo unapaswa kubebwa na sheria kabla ya mtu wa kwanza kujisajili.

Kwa anayejenga mfumo wa namna hii, kazi yenyewe ni hii. Chora jedwali la kila kipande cha data: kinakaa wapi, nani ana ufunguo, kinafutwa siku ya ngapi. Ongeza safu ya mwisho, ambayo miradi mingi haina: ni sheria zipi zinaweza kukidai, kwa amri ya nani. Iandikie ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu na kuomba jibu la maandishi. Jibu la mdomo halihesabiki. Safu hiyo ikibaki na hata kifungu kimoja, usichapishe neno "tu" kwenye maelezo ya faragha mpaka kifungu hicho kifungwe na Bunge. Weka siku ya mwisho ya mfumo ndani ya sheria, na utoe kila mwezi idadi ya maombi ya data yaliyopokelewa, hata ikiwa ni sifuri. Mabadiliko ya maelezo ya faragha yatangulie matumizi kwa siku za kutosha mtu kujitoa. Kuyabadilisha siku ileile ya jibu la bungeni kulisomwa na wengi kama kufuta nyayo.

Na maswali yajibiwe hadharani. Yule mwananchi wa mwishoni mwa Oktoba aliuliza swali sahihi kwa mtu sahihi, na jibu lilijulikana serikalini kabla ya Desemba. Kutoka swali hilo hadi Januari 4 zilipita wiki kumi hivi. Katika wiki hizo watu walipanga foleni kwenye vituo vya jamii kuchukua tokeni, na kila mmoja alikabidhiwa yake kwa maelezo ambayo mkubwa wa mradi alikwisha jua hayajakamilika.